Usiamini geji moja: Rubani mwana wa Magu na habari za ndege

Na Mwandishi Maalumu, Magu

Kwenye kijiwe cha kahawa jirani na stendi ya Magu hakuna mwenye kiti chake, ila mimi nikirudi likizo hupishwa pa kukaa. Si kwa heshima. Wazee wananisubiri na maswali waliyoyatunza tangu nilipoondoka mara ya mwisho.

"Kapteni, mwangaluka," alinisalimu mzee mmoja mchuuzi wa dengu, na kabla sijaitikia akawa ameshatoa simu mfukoni. "Soma hapa. Ndege imeporomoka futi elfu sita, abiria wamegonga dari kwa vichwa. Mwanangu, kazi gani hiyo? Si urudi tulime pamba?"

Kijiwe kizima kikacheka. Nikaomba kahawa kwanza, na kashata.

Mimi ni rubani wa ndege za abiria. Nimezaliwa Magu, katika nyumba isiyo mbali na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, na ndege ya kwanza niliyoiona ilikuwa juu kabisa, nyembamba kama njiti ya kiberiti, siku ambayo nilikuwa nachunga ng'ombe wa baba mkubwa. Leo watu wa nyumbani wananihesabu kuwa na majibu ya kila kinachoruka. Nimeshazoea. Nikiwa kazini nalipwa kuendesha ndege. Nikiwa Magu narekebisha habari za ndege bila malipo.

Habari ya mzee ilikuwa ya zamani, bado inazunguka kwenye simu za watu. Mei 21, 2024, ndege aina ya Boeing 777 ya shirika la Singapore Airlines, ikitoka London kwenda Singapore, ilikumbwa na msukosuko mkali wa hewa ikiwa juu ya Myanmar. Abiria mmoja alifariki na makumi waliumia. Hayo ni kweli. Kilichokosewa ni zile futi 6,000. Wachunguzi wa Singapore walipofungua vinasa kumbukumbu vya ndege hiyo walikuta kwamba ilishuka ghafla futi 178, sawa na mita 54 hivi, kwa muda wa sekunde nne na nusu hivi. Futi 6,000 zilikuja dakika kadhaa baadaye, pale marubani walipoishusha kwa utaratibu wao wa kawaida ili waende kutua Bangkok na majeruhi. Mtu aliyeangalia mchoro wa safari kwenye mtandao aliyachanganya mambo mawili, akapata kichwa cha habari.

"Kwa hiyo walidanganya?" aliuliza kijana wa bodaboda.

Hawakudanganya. Ila kosa lao lilifukia somo. Ukisoma kwamba ndege imeporomoka futi 6,000, unajifunza kuogopa ndege. Ukisoma kwamba futi 178 tu zilitosha kumrusha mtu darini, unajifunza kufunga mkanda hata taa yake ikiwa imezimwa. La kwanza linakunyima usingizi na halikusaidii chochote. La pili linaweza kukuokoa.

Macho na taa za dagaa

Watu hudhani rubani hazisadiki habari za ndege kwa sababu anatetea kazi yake. Pengine lipo hilo. Lakini sababu kubwa ni malezi. Tumefundishwa kutosadiki hata macho yetu wenyewe.

Chukua usiku usio na mwezi juu ya Ghuba ya Speke. Huo ndio usiku wa wavuvi wa dagaa. Wanatoka kwenye mialo ya huku kwetu na taa zao, mamia ya taa, kila mtumbwi na za kwake. Ukiwa chini ni mandhari ya kupendeza. Ukiwa juu, ziwa ni jeusi na mbingu ni nyeusi, hakuna mstari unaoonyesha maji yanaishia wapi. Taa ziko chini, nyota ziko juu, na zote zinafanana. Rubani akiangalia nje anaweza kuapa kwamba ndege imenyooka kumbe imelalia ubavu. Masikio nayo yanamuunga mkono, maana kimiminika cha ndani ya sikio hudanganyika mwili ukigeuka polepole. Kuna waliokufa duniani kwa kuamini macho na masikio yao kwenye giza la namna hiyo.

Dawa yake ni geji. Na hata geji, hatuamini moja. Ndege ya abiria ina kipima mwinuko na kipima kasi upande wa kapteni, vingine upande wa rubani msaidizi, na vya tatu vya akiba vilivyo peke yake. Cha kushoto kikisema jambo na cha kulia kikasema lingine, hakuna anayebishana kwa cheo. Tunatazama cha tatu. Mpaka hapo, tunachojua ni kimoja tu: kwamba hatujui.

Na geji yenyewe inataka mtu anayejua kuisoma. Watu wengi siku hizi wana programu ya kufuatilia ndege kwenye simu. Ndege ikipata ajali kandokando ya ziwa letu, mtu atakwambia, "Ilikuwa futi 4,000 ikaanguka!" Hiyo 4,000 imehesabiwa kutoka usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko takribani futi 3,700 juu ya bahari. Ndege inayosomeka futi 4,000 juu ya ziwa imebakiza futi 300 hivi kugusa maji. Haikuwa mbinguni, ilikuwa inatua. Tarakimu ni sahihi na habari ni ya uongo.

Jumapili ya Bukoba

Sasa niseme la kwangu, maana mwenye kuwatoa wenzake kibanzi lazima aonyeshe na boriti yake.

Jumapili ya Novemba 6, 2022 nilikuwa mapumzikoni. Saa nne kasoro asubuhi shangazi yangu alinipigia kutoka Magu, anatetemeka. Kwake yeye mashirika yote ya ndege ni moja. Amesikia ndege imeingia ziwani Bukoba, basi anataka kujua kama ni mimi. Sikuwa mimi. Ilikuwa ATR 42 ya Precision Air, safari namba PW494 kutoka Dar es Salaam, iliyotumbukia majini karibu na saa tatu asubuhi ikiwa inakaribia kutua katika uwanja wa Bukoba, ambao uko ufukweni kabisa.

Simu yangu ilikuwa imejaa sauti za WhatsApp. Moja ilitoka kwa mtu ninayemheshimu. Ilisema abiria wanatolewa, hali imedhibitiwa, marubani wako hai na wanawasiliana na waokoaji. Nikaisikiliza mara mbili, moyo ukashuka. Nikamwandikia shangazi: "Wanaokolewa wote, hata marubani wanaongea. Tulia."

Shangazi alikuwa kanisani. Alisimama akawatangazia waumini kwamba mwanawe rubani amesema watu wote wanaokolewa. Wakapiga makofi, wakaimba.

Jioni tukajua ukweli. Ndani ya ndege walikuwamo watu 43: abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili. Waliokufa ni 19, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao.

Mimi, niliyefundishwa kutoamini geji moja, nilikuwa nimeamini sauti moja. Niliiamini kwa sababu ndiyo niliyotaka kuisikia.

Hesabu ya watu 26

Tuangalie jinsi habari ya siku ile ilivyojengwa, maana ndani yake yamo karibu makosa yote ya habari za ndege.

La kwanza ni hesabu. Sisi watu wa ziwa tuna jeraha la zamani na hesabu. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama jirani na Mwanza, idadi ya waliokuwa ndani haikujulikana kwa uhakika, na mpaka leo utasikia mmoja akitaja watu 800 na ushei, mwingine 1,000. Ndege ni tofauti. Haiondoki bila orodha. Hata hivyo, saa za mwanzo ilitangazwa kwamba waliookolewa ni 26. Shirika lilipotoa hesabu yake likasema 24. Waliotaja 26 hawakuwa wameibuni. Hospitalini walifikishwa pia watu wawili ambao hawakuwa abiria, walioumia katika uokoaji. Aliyehesabu vitanda alipata 26. Aliyehesabu orodha alipata 24. Kila mmoja alisoma geji yake, na hakuna aliyeuliza ya mwenzake.

La pili ni shujaa. Siku ile Tanzania ilimpata mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, aliyewahi kufika na mtumbwi. Habari ikawa kwamba ndiye aliyeufungua mlango wa ndege kwa kasia. Akapewa shilingi milioni moja, ikaagizwa aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wiki zilizofuata, maelezo ya manusura na ripoti ya awali ya uchunguzi yakaonyesha kwamba mlango wa nyuma ulifunguliwa kutoka ndani, na mhudumu wa ndege akiwa kazini kwake. Mitandao ikageuka. Kijana aliyebebwa juu juu akaanza kuitwa mwongo.

Mimi nasema kote kuwili tulikosea. Wavuvi wa Bukoba ndio waliokuwa wa kwanza kufika, na mitumbwi yao ndiyo iliyopokea watu kutoka majini. Hilo halikuhitaji kasia wala mlango ili liwe kubwa. Na mhudumu aliyefungua mlango wa ndege inayozama, maji yakiingia, alistahili kutajwa siku ya kwanza. Hatukumtaja kwa sababu habari ilikuwa na nafasi ya shujaa mmoja, na nafasi hiyo ilishachukuliwa. Watu wengi wanaona wahudumu wa ndege kama wagawa soda. Kazi yao hasa ni ule mlango. Soda ni ya kupitisha muda.

La tatu ni hali ya hewa. "Mvua kubwa yaangusha ndege," waliandika wengi. Mvua peke yake haiangushi ndege. Injini za ndege hupimwa kwa maji mengi kabla ya kuruhusiwa kuruka. Lakini ziwa letu lina tabia yake, na wavuvi wanaijua bila kusoma. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa baridi ikateremka kutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa. Hapo mawingu ya radi huzaliwa, na kufikia alfajiri na asubuhi yamekaa zaidi magharibi, upande wa Bukoba. Mchana mambo hugeuka, radi zinahamia nchi kavu, ndiyo maana sisi wa Magu mvua yetu mara nyingi ni ya alasiri. Wingu la radi likipasuka huteremsha hewa nzito kama ndoo iliyomwagwa; ikifika chini inatawanyika kila upande. Ndege inayopita hapo hupata upepo wa mbele, mara ukageuka wa nyuma, na kasi inayoibeba ikapungua papo hapo, ikiwa chini, ikiwa imeelekea kutua. Neno "mvua" halikuwa la uongo. Lilikuwa fupi mno kubeba jambo lenyewe.

Kitambuzi kimoja, watu 346

Kahawa ya pili hunijia na swali la aina moja kila mara: "Lakini si mara nyingi ni makosa ya rubani?"

Neno "kosa la rubani" ni tamu kwa wengi. Linampa kiwanda usingizi, linalipa shirika la ndege mtu mmoja wa kumwonyesha kidole, na mara nyingi mtu huyo ameshakufa, hajibu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sisemi marubani hawakosei. Tunakosea, na ndiyo maana tuko wawili. Lakini ndege haianguki kwa jambo moja. Ni mambo manne au matano madogo yaliyopangana siku moja.

Oktoba 29, 2018 ndege ya Lion Air aina ya Boeing 737 MAX 8 ilianguka baharini karibu na Jakarta, watu 189 wakafa. Zikaanza kusikika sauti, nyingine kutoka Marekani, kwamba marubani wa nchi za huko hawakuiva. Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ya aina hiyohiyo, ET302, iliyokuwa inakuja Nairobi, ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baada ya kuruka. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Sauti zikarudi: marubani wa Afrika.

Kilichokuja kubainika ni kwamba ndani ya ndege hiyo kulikuwa na mfumo mpya wa kompyuta, MCAS, unaoweza kuisukuma pua ya ndege chini bila rubani kuamuru, na kwamba marubani wengi duniani hawakuwa wameelezwa uwepo wake kabla ya ajali ya kwanza. Ndege ina vitambuzi viwili vya nje vinavyopima jinsi pua ilivyoinuka dhidi ya upepo. Mfumo ule ulisikiliza kimoja tu. Kimoja kikasema uongo, kompyuta ikaamini, ikashindana na mikono ya marubani mpaka ardhini. Watu 346 kwa jumla. Ndege za aina hiyo zilisimamishwa dunia nzima kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na ziliporuhusiwa kurudi, moja ya marekebisho ilikuwa hii: mfumo lazima ulinganishe vitambuzi vyote viwili, na vikipingana, unyamaze.

Nilipofika hapo kwenye maelezo, mzee wa dengu aliweka kikombe chini. "Kumbe hata kompyuta ilisikiliza umbeya wa mtu mmoja," alisema.

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo. Na kwa kuwa Tanzania nayo ilipokea 737 MAX ya kwanza Oktoba 2023, watu huniuliza kama ningempandisha mama yangu. Ningempandisha. Si kwa sababu ya tangazo la mtu yeyote, ila kwa sababu ndege hiyo imechunguzwa na macho mengi kuliko karibu ndege yoyote ya zama zetu.

Pangaboi, kurudi juu na kiti cha bahati

Mengine ni mepesi. Septemba 2016 serikali ilipopokea Bombardier Q400 mbili za Air Tanzania, nchi nzima iligeuka wataalamu. "Mapangaboi!" watu walicheka, wakidhani mapanga ya nje ni dalili ya ndege ya kale. Lile panga huzungushwa na injini ya jeti. Imefichwa tu nyuma yake. Ndege hiyo haiwahi kama jeti kubwa, lakini hutumia mafuta kidogo na hutua kwenye njia fupi ambazo jeti kubwa haiwezi kuzisogelea. Mikoa mingi ya Tanzania imeunganishwa na pangaboi.

Ukisoma "ndege yanusurika, rubani ashindwa kutua," ujue rubani hakushindwa. Ameona jambo halijakaa sawa, pengine upepo, pengine kuna ndege nyingine mbele, akaongeza nguvu na kurudi juu ili ajipange upya. Ni hatua ya kawaida, tunaifanyia mazoezi kila tunapoingia kwenye simulata. Wa kuogopwa ni rubani asiyerudi juu kwa kuona haya mbele za abiria. Ukisoma "injini yazimika angani," kumbuka kwamba ndege yenye injini mbili hairuhusiwi kubeba abiria mpaka imethibitishwa kwamba injini moja ikifa hata wakati wa kuruka, iliyobaki inatosha kuipandisha na kuirudisha. Na ndege kugongwa na ndege, yaani chuma kwa manyoya, ni jambo ambalo sisi wa kandokando ya ziwa lenye makorongo tutaendelea kulisikia. Mara nyingi mno huishia kwa fundi na tochi.

Halafu kuna kiti. Juni 12, 2025 ndege ya Air India ilipoanguka Ahmedabad, kati ya watu 242 waliokuwa ndani alipona mmoja, aliyekaa kiti 11A. Haikupita wiki watu wakawa wanakitafuta kiti hicho kama hirizi. Lakini 11A ya ndege moja si 11A ya nyingine. Kwenye ndege hii iko jirani na mlango wa dharura, kwenye ile iko katikati ya safu ndefu. Ukitaka kiti cha bahati, kaa popote, hesabu safu zilizopo kati yako na mlango, funga mkanda.

Yasiyoaminika yaliyo kweli

Shaka nayo ina ulevi wake. Mtu akizoea kusema "uongo" kwa kila habari, hana tofauti na anayeamini kila kitu. Wote wawili hawajaangalia geji.

Wazee wa kijiwe chetu wanakumbuka Februari 26, 1982. Boeing 737 ya Air Tanzania iliondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, safari ya kila siku. Usiku ule haikufika. Ikasemwa imetekwa, iko Nairobi. Ikasemwa iko Jeddah. Ikasemwa iko Athens. Nani angeamini? Hatimaye ilitua Stansted, Uingereza, na watekaji, vijana wa Kitanzania waliotaka Mwalimu Nyerere aachie madaraka, wakajisalimisha Februari 28. Yote yalikuwa kweli, isipokuwa sehemu ya silaha walizotishia nazo, ambazo zilikuwa za bandia.

Desemba 18, 2013 ungeambiwa kwamba Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotakiwa kutua uwanja wa Kilimanjaro, wenye njia ya mita 3,600, imetua uwanja mdogo wa Arusha wenye njia ya mita 1,600 hivi na kukwama kwenye majani, ungesema ni utani wa mitandaoni. Ilitokea, na hakuna aliyeumia.

Kwa hiyo ule msemo wa "lisemwalo lipo, kama halipo laja" mimi siutupi, ila siutumii kama geji. Linalosemwa naliweka upande wa kushoto. Kisha natafuta la kulia.

La kulia lipo, na halina siri. Kwa utaratibu wa kimataifa ambao Tanzania inaufuata, nchi ilikotokea ajali hutoa ripoti ya awali ndani ya siku 30, na ya mwisho hulengwa kutoka ndani ya miezi 12. Uchunguzi huo lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kumfunga. Tatizo ni kwamba ripoti ikitoka, ndege haiko tena ukurasa wa mbele. Habari ya saa ya kwanza husomwa na nchi nzima. Ya siku ya 30 husomwa na marubani na wanasheria.

Na hapa nina lawama moja kwetu sote. Septemba 5, 2014 mabasi mawili yaligongana ana kwa ana Sabasaba, nje kidogo ya Musoma, kwenye barabara hiihii inayopita mbele ya kijiwe chetu. Walikufa watu zaidi ya 30, wengi kuliko waliokufa Bukoba. Mwulize kijana wa leo wa Magu chanzo chake kilikuwa nini. Ndege ikianguka tunataka kujua kila kitu kwa saa moja. Basi likianguka tunasema ni mapenzi ya Mungu, na kesho yake asubuhi tunapanda lingine bila kuuliza hata kama lina mkanda.

Swali la shangazi

Nilipokwenda Magu baada ya ajali ya Bukoba, nilijiandaa kwa aibu. Shangazi hakunigombeza. Aliniambia Jumapili iliyofuata alisimama tena kanisani, mbele ya watu walewale waliopiga makofi, akasema habari ile ilikuwa ya haraka, haikuwa kweli, na akaomba wawaombee marehemu 19. Mimi niliyeituma sikuwa na ujasiri huo. Nilikuwa nimeufuta ujumbe tu.

Tangu hapo, nikimtumia habari yoyote, ya ndege, ya mvua, ya bei ya pamba, hurudisha swali moja: "Na nani mwingine amesema hivyo?"

Ndugu msomaji, wiki hii au mwezi ujao simu yako italeta sauti ya mtu anayehema, akisema kuna ndege imeanguka mahali. Isikilize, lakini usiitume. Subiri mtu wa pili ambaye hakuambiwa na wa kwanza. Ukitaja idadi, taja na aliyeihesabu. Kama uliwahi kusambaza iliyokuwa ya uongo, usiifute kimyakimya. Rudi palepale ulipoitangaza, useme. Na ripoti ikitoka, hata ikiwa imechelewa, isome na umsomee mwenzako asiyeisoma. Watu 19 wa Bukoba walikufa ziwani kwetu. Hilo ndilo dogo tunaloweza kuwafanyia.